Mtoto Aliyeona Vita: Tumsaidieje?

Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa ukoo, siku ya pili, baada ya sala ya adhuhuri



Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujaalia kuonana tena tukiwa wazima. Tumetoka Unguja, Mombasa, Maskati, Dubai, Toronto na miji mbalimbali ya Uingereza, na wapo waliokuwa nasi mkutano uliopita ambao leo tumewasomea Fatiha. Mungu awarehemu.

Kamati imeniomba nizungumze juu ya malezi, na ikaniachia nichague mwenyewe upande wa kuliendea jambo hilo. Mzee akipewa uhuru wa namna hiyo, aghalabu huzungumzia lugha inayopotea na vijana wasiosalimia. Hayo yana siku yake. Leo nimechagua jambo ambalo katika mikutano yetu yote sijapata kulisikia likitajwa, ingawa hakuna tawi la ukoo huu lisilolijua: namna ya kumsaidia mtoto aliyeshuhudia mauaji, vita au jeuri, na namna tunavyoweza kumdhuru zaidi ilhali tunampenda.

Mimi si daktari. Nimekuwa mtumishi wa serikali kwa miaka 39, minane Unguja katika ofisi ya ardhi na 31 hapa Uingereza katika halmashauri ya mji, hadi nilipostaafu mwaka 2022. Ninachokijua nimekipata kwa njia mbili: kwa watoto wawili wa nyumba yetu, na kwa kusoma na kuwauliza wenye elimu hiyo nilipoona kwamba upendo peke yake haunitoshi.

Mtoto wa kwanza ni marehemu kaka yangu. Tarehe 12 Januari 1964, siku ya Jumapili, mapinduzi yalipotokea Unguja, mimi nilikuwa na umri wa miaka minne na yeye alikuwa na miaka saba. Tulikuwa tukiishi shamba, na zilikuwa zimebaki siku chache kabla ya kuingia mwezi wa Ramadhani. Sikusimama hapa kufungua hesabu za mwaka ule. Humu ukumbini wamo ambao wazee wao walikuwa upande huu, na wamo ambao wazee wao walikuwa upande ule, na tumeoana na kuzikana tangu wakati huo. Ninalotaka kusema ni kwamba kila upande ulikuwa na watoto, na watoto wana macho.

Baba yetu mdogo alichukuliwa nyumbani kwetu mchana, na hakurudi. Mimi nilikuwa nimekumbatiwa na bibi, uso wangu kifuani pake, na sikumbuki ila harufu ya kanga yake. Kaka alikuwa amejificha chini ya kitanda, na aliye chini ya kitanda huuona mlango vizuri sana.

Baada ya kiasi cha mwezi mmoja, tukiwa tumekwisha hamia mjini kwa jamaa, kaka alianza kukojoa kitandani, jambo ambalo alikuwa ameliacha zamani. Usiku alipiga kelele akiwa usingizini. Mchana alikuwa mtulivu mno, hachezi, hajibizani, na watu wazima wakamsifu kwa adabu yake. Kwa ule utulivu alisifiwa, na kwa ule mkojo alipigwa. Kila asubuhi alichapwa, kisha akabebeshwa godoro lake la usufi mpaka uani kulianika, na watoto wa mtaa wakamwimbia wimbo wa kikojozi. Aliyekuwa akiamka mapema na kukimbia kutoa habari kwamba godoro limelowa alikuwa mimi.

Wazee wetu hawakuwa wakatili. Walikuwa wamefiwa, wamepoteza nyumba, na hawakujua kesho ingeleta nini. Waliamini kwamba mtoto asiyeambiwa kitu atasahau, na kwamba jambo lisilotajwa litajifia lenyewe. Neno lililotumika nyumbani lilikuwa moja tu: “Yameshapita.” Kaka alikua, akaja Uingereza mwaka 1975, akasoma, akaoa, akalea watoto wazuri. Lakini mkewe anajua, na watoto wake wanajua, kwamba mpaka mwaka aliofariki, 2011, hakupata kulala chumba ambacho kitanda chake hakitazamani na mlango, na hakuna aliyepata kumwuliza kwa nini.

Mtoto wa pili ni mjukuu wa kaka huyo huyo. Nimeomba ruhusa kwa mama yake nimzungumzie, na kwa mtoto mwenyewe, ambaye sasa ana miaka minane. Alinijibu: “Sema, babu, lakini usinitaje jina.” Kwa hiyo simtaji. Hivi sasa yuko bustanini anacheza na wenzake, na nawaomba, tutakapotoka, asiwepo wa kumwendea na kumshika shavu kwa huruma.

Binti wa kaka aliolewa na daktari wa Kisudani waliyejuana chuo kikuu hapa Uingereza, wakaenda kuishi Omdurman. Tarehe 15 Aprili 2023, katika kumi la mwisho la Ramadhani, vita vilizuka Khartoum baina ya jeshi la serikali na kikosi cha Msaada wa Haraka. Mtoto alikuwa na miaka sita. Walikaa siku kumi na moja ndani ya ukumbi mwembamba katikati ya nyumba, mbali na madirisha, na Idi iliwakuta humo. Mwishoni mwa Aprili mama na mtoto, kwa kuwa wana pasi za Uingereza, walisafirishwa kwa ndege ya kijeshi kutoka uwanja wa Wadi Seidna, kaskazini mwa Khartoum, hadi Larnaca nchini Cyprus, na kutoka huko wakaletwa uwanja wa Stansted. Baba alibaki. Hospitali zilikuwa zikifungwa moja baada ya nyingine, na yeye alikuwa daktari. Walikuja kukaa nyumbani kwangu.

Wiki ya tatu, mke wangu alifungua mlango wa chumba chao asubuhi, akaona shuka limefichwa nyuma ya kabati, limelowa. Akaniita. Nilisimama pale nikiwa na miaka 64, na nikalisikia godoro la usufi likiburutwa uani.

Ndugu zangu, nieleze kwa kifupi nilichofundishwa baada ya hapo, kwa maneno ya kawaida.

Mwenyezi Mungu ameuumba mwili wa binadamu na mlinzi ndani yake. Hatari ikitokea, mlinzi huyo huamsha moyo upige mbio, damu ikimbilie miguuni, na macho yasione ila ile hatari. Hatari ikiondoka, mlinzi hulala. Lakini hatari ikiwa kubwa kupita kiasi, au ikirudiarudia, mlinzi huyo hukataa kulala. Mtoto yuko Uingereza, mwili wake bado uko Omdurman. Wahenga wetu waliyajua haya kabla ya vyuo vikuu: aliyeumwa na nyoka, akiona unyasi hushtuka. Unyasi wa mjukuu wetu ulikuwa kengele ya mazoezi ya moto shuleni, mlango uliofungwa kwa kishindo, na helikopta ya wagonjwa. Aliposhtuka vile hakuwa akideka.

Alama hutofautiana kwa umri. Mtoto mdogo hurudi nyuma: hukojoa kitandani, hung'ang'ania mguu wa mama, hupoteza maneno aliyokwisha yajua, au hucheza mchezo mmoja wa kutisha tena na tena bila ya kuonekana kuufurahia. Mtoto wa shule ya msingi hulalamikia tumbo na kichwa ambavyo daktari havioni, hushindwa kutulia darasani, na mara nyingi hujilaumu, akidhani kwamba lau angekuwa mtiifu zaidi yasingetokea. Kijana hukasirika upesi, hujitenga, hulala mchana na kukesha usiku, au huingia katika mambo ya hatari kana kwamba maisha hayana thamani. Na yupo mtoto wa aina ya nne, ambaye ndiye tunayemkosa: mtoto mtulivu mno, anayesifiwa kwa adabu.

Lazima niseme pia kwamba watoto wengi walioona mambo mazito hupata nafuu wenyewe katika wiki na miezi ya mwanzo, wakiwa na watu wao na maisha yenye utaratibu. Kwa hiyo si kila mtoto ni mgonjwa. Lakini alama zikizidi mwezi mmoja, au zikimzuia kulala, kula, kusoma na kucheza, huyo anahitaji msaada wa wenye ujuzi, na kuuchelewesha si subira.

Basi sisi tulifanya nini? Nitataja kosa kwanza, kwa kuwa lilikuwa langu.

Kila siku mtoto aliuliza, “Baba yuko wapi?” Na kila siku mimi nilimjibu kwamba baba yuko safarini kikazi, atakuja wiki ijayo. Nilidhani ninamlinda. Wiki ijayo ilikuja mara tano. Siku moja alimsikia mama yake akilia katika simu na kutaja jina la hospitali iliyopigwa. Hakusema kitu. Alikuja sebuleni, akanitazama, akaondoka, na kwa siku nne hakuzungumza nami wala hakukubali nimpeleke shule. Nilikuwa nimemfanyia lilelile alilofanyiwa babu yake, isipokuwa sikushika fimbo.

Siku ya tano nilikaa sakafuni mbele yake nikamwomba radhi. Mzee kumwomba radhi mtoto wa miaka sita si jambo la mila yetu, najua. Nikamwambia: “Nilikuambia uongo. Baba yako yuko Sudan. Kuna vita. Yeye ni daktari na anawatibu watu. Jana alituma ujumbe kwamba ni mzima. Hatujui atakuja lini. Habari yoyote tukiipata, nzuri au mbaya, tutakuambia siku hiyo hiyo.” Akaniuliza maswali mawili tu: kama baba ana chakula, na kama ni yeye aliyesababisha abaki, kwa sababu siku ya kuondoka alilia na kuwachelewesha. Fikirini, ndugu zangu. Mtoto alikuwa ameubeba mzigo huo wiki saba, na sisi tulikuwa tukimwambia hadithi za safari.

Nilijifunza hapo kwamba mtoto asiyeambiwa ukweli hujitungia wa kwake, na huo anaojitungia huwa mbaya zaidi. Haina maana aelezwe kila kitu. Aambiwe yanayolingana na umri wake, kwa sentensi fupi, na tusimwahidi tusilolimiliki. Usimwambie “baba hatakufa.” Mwambie “sisi tuko nawe, na hatutakuacha peke yako.”

La pili tulilolifanya, hili jema, tulilirithi kwa bibi yetu. Mwaka ule wa 1964 bibi hakuwa na elimu ya mambo haya, lakini kila usiku alifanya kitu kilekile. Alipunguza utambi wa kandili, akasoma Ayatul Kursiyyu, akatuhesabu mmoja mmoja kwa majina, kisha akatandika mkeka wake mlangoni akasema, “Mimi niko hapa.” Hakukosa hata usiku mmoja. Nikitazama nyuma naona kwamba lililokuwa na nguvu hapo ni kule kutokukosa. Mtoto aliyeona dunia ikipinduka kwa asubuhi moja anahitaji kitu kisichopinduka. Basi na sisi tukaweka saa ya chakula, saa ya kuoga na saa ya kulala, na kila usiku mama yake au mke wangu alisoma dua ileile na kuacha mlango wazi kwa kipimo kilekile. Mkojo hatukuugusia ila kwa kubadilisha shuka na kusema, “Mwili wako uliogopa usiku, hakuna kosa.” Ulimalizika wenyewe baada ya miezi minne.

Jambo hili halikuwa la nyumba yetu peke yake. Mwezi Septemba 1939 serikali ya Uingereza ilihamisha kiasi cha watu milioni 1.5, wengi wao watoto wa shule, kutoka miji mikubwa kwenda mashamba ili wasiuawe na mabomu. Wakati wa vita hivyo Anna Freud na mwenzake Dorothy Burlingham walisimamia nyumba za kulelea watoto huko Hampstead, London, wakaandika waliyoyaona. Waliona kwamba mtoto aliyekuwa na mama yake, tena mama aliye mtulivu, aliweza kuyastahimili mabomu kuliko tulivyodhani, na kwamba mara nyingi kilichomvunja zaidi ni kutenganishwa na watu wake. Nawaambieni haya nyinyi akina mama na akina baba mnaopokea watoto kutoka penye vita: utulivu wenu ni dawa, na ili mtulie ninyi pia mnahitaji kusaidiwa. Binti yetu alihitaji mtu wa kulia mbele yake ambaye si mtoto wake.

La tatu, tulikwenda kwa wenye ujuzi. Mwalimu wake aliambiwa mapema, na shule ikakubali kumjulisha kabla ya kila zoezi la moto. Daktari wetu alimwandikia barua ya kumpeleka kwa huduma ya afya ya akili ya watoto, tukangoja miezi mingi, kisha akapata vikao 12. Yapo matibabu yaliyotungwa kwa ajili ya watoto wa namna hii. Marekani yaliendelezwa na Judith Cohen, Anthony Mannarino na Esther Deblinger: mtoto hufundishwa kwanza kuutuliza mwili wake, kwa pumzi na kwa kuyataja anayoyahisi, kisha polepole, kwa hiari yake, husimulia yaliyompata kidogo kidogo mpaka yanakuwa habari ya jana badala ya jambo la sasa hivi, na mzazi hushirikishwa.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya Wazungu na ya wenye fedha. Nawajibu kwamba matibabu hayo hayo yamejaribiwa kwa mayatima mjini Lusaka, na vilevile Moshi na Bungoma, na walioyatoa hawakuwa madaktari. Walikuwa raia wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa vizuri. Matokeo ya Lusaka yalichapishwa mwaka 2015 na ya Moshi na Bungoma mwaka 2020, na watoto wengi walipata nafuu. Ikiwa jirani wa Bungoma aliyefunzwa anaweza, basi hakuna tawi la ukoo huu linaloweza kusema halina mtu.

Najua pia kuna la kusomewa. Jamaa yetu mmoja, kwa nia njema, alisema mtoto amepagawa akataka apelekwe kwa mganga. Mimi nimelelewa kwa dua, na mtoto huyu amesomewa kila usiku na bibi zake. Dua humtuliza, na hakuna daktari aliyetukataza. Lakini kumwambia mtoto aliyejaa hofu kwamba ndani yake kuna shetani ni kumwongezea adui mwingine asiyeweza kumkimbia. Na atakayetaka kumtoa shetani huyo kwa kipigo au kwa moshi wa kumkaba pumzi, asikubaliwe. Dua na daktari hazigombani.

Msidhani kwamba yote yalikwenda sawa. Tarehe 5 Novemba 2023, usiku ambao Waingereza huwasha fataki, hatukukumbuka kumwandaa. Tulimkuta ndani ya kabati la nguo, amejifunga shali la mama yake kichwani, akatetemeka mpaka alfajiri. Mwaka uliofuata tulitia alama kwenye kalenda wiki mbili kabla. Tulimweleza fataki ni nini, tukamwonyesha mchana zilivyo kwenye boksi, tukamwuliza yeye anataka tufanye nini. Alitaka tukae ukumbini, pazia zifungwe, redio isemeshwe kwa sauti, na mimi nihesabu kila mlio. Nilihesabu mpaka 212. Kufika 150 alikuwa amelala.

Baba yake alivuka kuingia Misri mwezi Machi 2024, na Januari 2025 tulimpokea uwanja wa Heathrow. Mlitarajia niseme mtoto alimkimbilia. Hakumkimbilia. Alisimama nyuma ya mama yake akamtazama kama mgeni, na ilichukua wiki kadhaa kabla ya kukubali kukaa naye peke yake. Baba mwenyewe, ambaye ameona zaidi ya tuliyoyaona sote, alivumilia bila ya kumlazimisha, na hivi sasa yeye ndiye anayempeleka shule. Hao walikuwa na bahati. Kufikia mwaka 2024 zaidi ya watu milioni 10 walikuwa wamekwisha kimbia makazi yao kwa sababu ya vita hivyo vya Sudan, na watoto ni sehemu kubwa ya idadi hiyo.

Kwa kumalizia, Bwana Mwenyekiti, naliomba baraza hili la ukoo mambo matano, na naomba yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

Kwanza, mtoto aliyetoka penye fujo asihojiwe na wageni. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2011 wa huduma ya kwanza ya nafsi, lilifundisha mambo matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Kumlazimisha mtu asimulie halimo. Akitaka kusema, msikilize mpaka mwisho. Asipotaka, kaa naye mmenye machungwa.

Pili, picha na video za maiti na mabomu zisipitishwe katika simu za ukoo. Watoto wetu wanazishika simu hizo.

Tatu, fimbo na dhihaka kwa mtoto anayekojoa, anayegugumia au anayeogopa, zikome katika nyumba zetu zote, hapa na nyumbani.

Nne, mtoto aambiwe ukweli unaomlingana.

Tano, kila tawi limchague mtu mmoja, mwanamke au mwanamume, atakayejifunza mambo haya na ambaye mzazi anaweza kumpigia bila ya aibu. Hapa Uingereza mtoto mwenyewe anaweza kupiga simu ya bure ya Childline, 0800 1111. Tanzania na Kenya namba ya simu ya msaada kwa watoto ni 116. Ziandikeni ukutani penye kalenda. Tawi letu limekwisha mchagua mtu wake, naye ni binti wa kaka, kwa kuwa yeye anajua.

Nabakiwa na neno moja, nalo si la baraza, ni langu.

Mwaka 1964 nilikuwa mtoto wa miaka minne, na aliyekimbia kutoa habari ya godoro la ndugu yake hakujua afanyalo. Kwa hilo najisamehe. Lakini mwaka 1989 nilipofika nchi hii nilikuwa mtu mzima wa miaka 30, na nilikaa kwa kaka miezi sita, chumba cha pili na chake, nikamsikia usiku. Nilikuwa na miaka 22 ya kumwuliza, “Kaka, uliona nini siku ile?” Sikumwuliza. Nilidhani namstahi. Kwa kweli nilikuwa naogopa jibu.

Humu ukumbini wamo wazee ambao mwaka ule, au miaka mingine na mahali pengine, walikuwa watoto chini ya vitanda. Siwalazimishi kusema kitu. Nasema tu kwamba nitakuwa pale nje chini ya mti baada ya chakula, na nimekuja na viti viwili.